Macho Yaliyofunzwa na Ulimwengu

Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika chuo cha MIT mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watafiti walielekeza kamera zao nje, kwenye uwanja na maegesho ya magari, wakaziacha zitazame. Hazikuwa zikimsaka mtu. Kompyuta iliyopokea picha haikuwa imeambiwa mtu ni nini, wala gari ni nini. Picha zenyewe zilikuwa ndogo mno, nukta 160 kwa 120, na kompyuta iliweza kupitia 11 hadi 13 kwa sekunde. Mvua ilinyesha, theluji ikaanguka, msimu ukapisha msimu, na kazi ikaendelea usiku na mchana, karibu bila kukatika, kwa miezi 16. Kwa kutazama tu, bila kutajiwa jina la chochote, mfumo ule ukajifunza kuvipanga vilivyopita mbele yake kwa mafungu: watu huku, magari kule.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii tumezoea kuitoa kama onyo kwa mtoto mkaidi, na ulimwengu unaotajwa humo ni mwalimu mkali. Kwa Eric Grimson, Chris Stauffer na wenzao wa MIT, lile onyo lilikuwa ndilo tumaini lao. Waliamini kwamba mashine ikiachiwa ulimwengu kwa muda wa kutosha, itafunzwa jambo ambalo hakuna binadamu aliyeweza kulieleza kwa maneno. Jambo lenyewe ni swali ambalo mtoto mchanga hulijibu kabla hajajua kusema: katika haya yote ninayoyaona, kitu kimoja kinaanzia wapi na kinaishia wapi?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Naisimulia historia yake kwa sababu mikono ya watu wa Nairobi na Gulu imo ndani yake, na sehemu hiyo husimuliwa kwa nadra.

Mwaka 1963, hapo hapo MIT, Lawrence Roberts aliandika tasnifu ya uzamivu iliyoonyesha kwamba kompyuta inaweza kutazama picha ya maumbo yenye pande bapa na kuyajenga upya yakiwa na urefu, upana na kina. Baadaye Roberts alikuwa miongoni mwa waasisi wa mtandao uliozaa intaneti, na huko ndiko jina lake lilikovuma. Katika tasnifu ile aliipa kompyuta vielelezo vya maumbo machache kabla haijaanza kutazama. Ilijua inachokitafuta. Meza ilikuwa safi na mwanga ulikuwa mzuri.

Julai 1966, Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, aliandika waraka mfupi wa kuwapangia vijana wa maabara kazi ya kiangazi. Wajenge sehemu kubwa ya mfumo wa kuona. Kwanza waigawe picha katika maeneo ya aina tatu: yale yanayoelekea kuwa vitu, yale yanayoelekea kuwa mandharinyuma, na vurugu. Kisha, kabla kiangazi hakijaisha, wafikie hatua ya kuvitaja vitu kwa majina. Wengi huutaja waraka huo kwa kicheko, kwa kuwa kazi ya miezi miwili imegeuka kuwa ya zaidi ya nusu karne. Mimi nauheshimu. Ulitenganisha mambo mawili ambayo hata leo huchanganywa: kujua kwamba kuna kitu pale, na kujua jina lake. Na lile neno la tatu, vurugu, liliandikwa na mtu aliyekuwa ametazama picha halisi kwa makini.

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la tarakimu. Kila nukta ina namba zake za rangi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba nukta hii na ile ni za mwili mmoja. Rangi haisaidii sana. Shati jeupe na suruali nyeusi ni mtu mmoja, ilhali mtu mwenye kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta mweupe huyeyuka ndani ya ukuta. Mistari nayo hudanganya, maana kivuli huweza kuwa na ukingo mkali kuliko kitu chenyewe.

Sasa fikiria mbuzi anayepita nyuma ya ua wa makuti uliochakaa. Unaona sikio hapa, kipande cha mgongo pale, kwato mbili chini. Katikati yake ni makuti. Hakuna mstari unaounganisha sikio na kwato, na huna shaka hata kidogo kwamba huyo ni mbuzi mmoja, kwa sababu vipande vyote vinakwenda pamoja, na vikisimama vinasimama pamoja. Mwanasaikolojia Max Wertheimer, katika maandishi yake ya mwaka 1923 nchini Ujerumani, aliiweka hali hii miongoni mwa kanuni za kuona. Aliiita kanuni ya majaaliwa ya pamoja: vinavyosafiri pamoja, jicho huvihesabu kuwa kimoja.

Je, tunafundishwa hivyo, au tunazaliwa karibu nayo? Mwaka 1983 Philip Kellman na Elizabeth Spelke walichapisha jibu walilolipata kwa watoto wa miezi minne. Waliwaonyesha fimbo inayokwenda huku na huku nyuma ya kizuizi kilichoficha sehemu yake ya kati, mpaka watoto wakachoka kutazama. Kisha kizuizi kikaondolewa. Mara nyingine mtoto alionyeshwa fimbo nzima, mara nyingine vipande viwili vyenye nafasi katikati. Watoto walivikodolea macho zaidi vipande viwili, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa vigeni kwao. Fimbo nzima hawakuishangaa, maana kichwani mwao ilikuwa nzima tangu mwanzo. Lakini fimbo ikiwa imesimama tuli nyuma ya kizuizi, tofauti hiyo haikuonekana. Mtoto wa umri ule huona umoja wa kitu kupitia mwendo wake, kabla rangi na umbo havijamsaidia.

Huo ndio ushahidi wa kwanza wa historia hii, yaani mwendo. Wa pili ni jicho la pili.

Charles Wheatstone aliwaeleza wanasayansi wa London mwaka 1838 kwamba macho yetu mawili huona picha mbili zinazotofautiana kidogo, na kwamba kina hutokana na tofauti hiyo. Alitengeneza kifaa cha vioo kuthibitisha. Bado mtu angeweza kupinga: huenda kila jicho hukitambua kitu kwanza, ndipo ubongo ukalinganisha. Pingamizi hilo liliishi miaka zaidi ya 100, mpaka Béla Julesz, mhandisi aliyehama Hungaria mwaka 1956 na kuajiriwa na maabara za Bell nchini Marekani, alipolimaliza mwaka 1960. Aliitumia kompyuta kuchora picha mbili za nukta zilizotapakaa ovyo kama mchanga. Katika picha ya pili, nukta za eneo la mraba wa kati zilisogezwa kidogo upande mmoja. Ukitazama picha yoyote peke yake huoni kitu, ni mchanga mtupu. Ukizitazama zote mbili, kila jicho na yake, mraba unainuka na kuelea hewani.

Nalitaja jaribio hili kwa kirefu kwa kuwa sijui jingine linaloonyesha jambo hili waziwazi kuliko hilo. Hakuna kitu cha kutambua katika picha za Julesz. Hakuna umbo wala jina, hakuna kumbukumbu ya kurejea. Mraba huzaliwa kutokana na ulinganisho wa picha mbili, basi. Maana yake, kitu kinaweza kugunduliwa na asiyewahi kukiona, mradi ana mahali zaidi ya pamoja pa kukitazamia.

Kamera nyingi zilikuwa zimeanza kazi kabla ya hapo. Mwaka 1878, katika shamba la farasi la Leland Stanford huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio na kutandika nyuzi mbele ya farasi. Kila uzi uliokatwa na farasi ulifyatua kamera yake. Picha zilionyesha kuwa farasi anayekwenda mbio huwa na wakati ambapo kwato zote nne ziko hewani, tena zikiwa zimekunjwa chini ya tumbo, si kunyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wakizichora kwa karne nyingi. Kamera 12 zilikosoa jicho la binadamu.

Kilichosalia kilikuwa hesabu. Mwaka 1981 Christopher Longuet-Higgins, mkemia aliyegeukia utafiti wa akili na wakati huo akiwa Sussex, Uingereza, alichapisha katika jarida la Nature kanuni fupi. Ukizijua nukta nane zilezile katika picha mbili za mahali pamoja, unaweza kukokotoa kamera mbili zilikuwa zimesimamaje moja kwa nyingine, na nukta zile ziko wapi, bila kupima chochote kwa futi. Kipimo cha ukubwa halisi tu ndicho kinachobaki nje. Nukta nane! Ila neno gumu katika kanuni hiyo ni “zilezile”. Nani ataiambia kompyuta kwamba nukta hii ya picha ya kushoto ndiyo ile ya kulia?

Takeo Kanade wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, alikabiliana na ugumu huo kwa wingi wa kamera. Mwaka 1995 yeye na wenzake walikuwa na kuba lenye kamera 51, zote zikimtazama mtu aliye katikati. Januari 2001, katika fainali ya Super Bowl huko Tampa, Florida, watazamaji wa televisheni waliona mchezo ukisimama na kuzungushwa kwa msaada wa kamera zaidi ya 30 zilizofungwa juu ya uwanja. Baadaye chuo hichohicho kilijenga kuba lenye kamera zaidi ya 480. Ni kazi kubwa. Lakini kila kamera ilipaswa kupimwa na binadamu, ijulikane imekaa wapi na inaelekea wapi. Huwezi kuupima ulimwengu mzima namna hiyo.

Na hapa ndipo uwanja wa MIT unapopata uzito wake. Kundi la Grimson liliita mpango wake msitu wa vihisi: kamera nyingi, rahisi, zilizotawanywa bila kupimwa, kila moja ikitazama kipande chake. Katika makala yao ya mwaka 1998 walidai jambo la kijasiri, kwamba kufuatilia mwendo peke yake kunatosha kuzifanya kamera zijue zilipo, kuchora ramani ya mahali, kupanga vitu kwa aina, kujua mazoea ya mahali hapo, na kushtuka mazoea yakivunjwa.

Walianza na nukta moja. Kila nukta ya picha ilipewa kumbukumbu yake, rangi tatu hadi tano ambazo huwa nazo kwa kawaida, pamoja na kadirio la mara ngapi kila rangi hutokea. Chukua nukta iliyo kwenye ncha ya tawi linaloyumba kwa upepo. Sasa ni kijani cha jani, sasa ni buluu ya anga, tena kijani. Mifumo iliyotangulia ingeona kitu kipya kila jani linaporudi. Mfumo huu ulijua kwamba kijani na buluu zote ni wenyeji wa nukta ile. Rangi ngeni ikitokea, hapo ndipo kuna mpita njia. Gari likiegeshwa, kwanza ni geni, kisha likikaa sana linahesabiwa kuwa sehemu ya mahali. Likiondoka, rangi ya lami iliyokuwa chini yake bado imo kwenye kumbukumbu na hupokelewa mara moja. Makala ya Stauffer na Grimson ya mwaka 1999 iliyoeleza njia hii ikawa miongoni mwa zinazorejelewa mno katika taaluma ya kuona kwa kompyuta.

Kisha swali la “zilezile”. Lily Lee, Raquel Romano na Gideon Stein walilijibu kwa namna ninayoweza kuieleza kwa baraza mbili. Majirani wawili wanakaa kila mmoja kwenye baraza yake, kwenye vichochoro viwili vinavyokutana, na hakuna anayeona upande wa mwenzake wote. Kila mmoja anaweka kumbukumbu: saa kumi na dakika tano mtu kapita kutoka mashariki, saa kumi na dakika saba kapita mwingine. Jioni wanalinganisha. Siku ya kwanza kuna makosa mengi, maana watu wawili tofauti wanaweza kupita kwa wakati mmoja. Lakini makosa hayafanani. Kila moja linavuta upande wake, ilhali ulinganisho sahihi hurudiarudia jibu lilelile. Baada ya siku kadhaa majirani wanajua vichochoro vinaunganaje bila kunyanyuka. Kamera za MIT zilifanya hivyo kwa kutumia watembeao juu ya ardhi iliyo tambarare. Wapita njia ndio waliozifundisha kamera mahali zilipo.

Mwisho ukaja upangaji. Kila kilichopita kiliacha mfululizo wa vivuli vya umbo lake, na mfumo ukahesabu ni maumbo gani hutokea pamoja katika safari moja. Mtu anayetembea hutoa maumbo ya aina fulani, yenye miguu inayofunguka na kufunga, na hayachanganyiki na yale ya gari. Majaaliwa ya pamoja yakarudi kwa mlango mwingine. Hakuna aliyeandika neno “mtu” popote.

Nisifiche pia kwamba fedha za kazi hii zilitoka DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, katika mpango wake wa ulinzi kwa video ulioanza mwaka 1997. Macho haya yalilelewa ili yalinde, na alindaye huangalia. Wapita njia waliozifundisha kamera mahali zilipo hawakuwa wanafunzi wala walimu kwa hiari yao. Walikuwa wakienda kazini. Kila mji unaofunga kamera leo unapaswa kulifikiria hilo kwa uzito kabla ya kusifu uerevu wa mashine.

Miaka michache iliyofuata ilikuwa ya majaribio ya kugundua vitu katika picha mnato. Mwaka 2005 Josef Sivic na wenzake walichukua hesabu iliyobuniwa kugundua mada katika maandishi, wakaigeuzia picha: vipande vidogo vya picha vikawa kama maneno, na vitu vikajitokeza kama mada. Ilifanya kazi kwa kiasi. Kisha mwalimu binadamu akarudi kwa kishindo.

Fei-Fei Li na wenzake walizindua hazina ya ImageNet mwaka 2009. Ilifika picha zaidi ya milioni 14, zikiwa zimepewa lebo na watu wapatao 49,000 kutoka nchi 167 kwa njia ya intaneti. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Toronto walifunza mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, kwa sehemu ya picha hizo, na katika mashindano ya kutambua picha kiwango cha makosa kikashuka hadi asilimia 15.3, wakati aliyewafuata alikuwa na asilimia 26.2. Hakuna mshindani aliyeweza kubisha. Kuanzia hapo, aliyetaka mashine ione alitafuta kwanza watu wa kuifundisha.

Mwaka huohuo watafiti wa Google na Stanford, wakiongozwa na Quoc Le, walijaribu njia ya bila mwalimu kwa nguvu ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana: picha milioni 10 kutoka video za YouTube, mashine 1,000 na siku tatu za kukokotoa. Ndani ya mtandao huo ilijitokeza sehemu iliyochangamkia nyuso za watu, na nyingine nyuso za paka. Magazeti yalishangilia paka. Mimi nashangaa jambo jingine. Kutoka kila video walichukua picha moja tu. Mwendo wote, ule ushahidi ambao mtoto wa miezi minne anautegemea, uliachwa nje.

Sasa tufike kwa mikono niliyoitaja mwanzoni. Hazina ya COCO ya mwaka 2014, yenye vitu milioni 2.5 vilivyotiwa alama, ilimeza saa za kazi za binadamu zaidi ya 70,000. Katika Cityscapes ya mwaka 2016, yenye picha za barabara za miji 50, picha moja iliyochorwa kwa ukamilifu, kila gari, kila mtu, kila mti ukizungushiwa mpaka wake, ilichukua kwa wastani zaidi ya saa moja na nusu. Piga hesabu ya video. Dakika moja, kamera 5, picha 10 kwa sekunde, hizo ni picha 3,000. Kwa kasi hiyo ni saa 4,500. Mtu mmoja anayefanya kazi saa 8 kwa siku atamaliza dakika hiyo moja baada ya siku zaidi ya 560 za kazi.

Kazi ya namna hiyo ilitafuta mahali penye vijana waliosoma na wasio na ajira, ikafika Afrika Mashariki. Samasource, shirika lililoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008, lilifungua ofisi Nairobi, na huko Uganda likaajiri Gulu, mji uliokuwa ukijiinua kutoka vitani. Vijana walikaa mbele ya skrini wakizungusha kipanya kwenye ukingo wa magari na wapita njia wa miji ambayo hawajawahi kukanyaga, ili magari yanayojiendesha yajifunze. Jicho lililoona mtu alipoishia na kivuli kilipoanzia lilikuwa la mkazi wa Kibera. Gari likisimama kumpisha mtembea kwa miguu huko California, kuna uwezekano wa kweli kwamba ujuzi huo ulipitia Nairobi.

Huku nyumbani kulikuwa na kazi nyingine ya kamera nyingi. Kuanzia mwaka 2010, Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alitandaza kamera 225 katika kilomita za mraba 1,125 za Hifadhi ya Serengeti, zenye kufyatuka kwa joto na mwendo. Hadi 2013 zilikuwa zimekusanya seti za picha milioni 1.2, na takriban robo tatu hazikuwa na mnyama hata mmoja. Nyasi ziliyumba, jua lilipiga, kamera ikafyatuka. Ni lile tawi la MIT tena. Watu zaidi ya 28,000 waliojisajili, na wengine wengi wasiojisajili, walijitolea kupitia picha hizo kwenye intaneti, wakatoa majibu milioni 10.8. Mwaka 2018 mitandao ya neva iliyofunzwa kwa majibu yao iliweza kubaini wanyama katika asilimia 99.3 ya picha kwa usahihi ulio sawa na wa watu hao. Waandishi wa utafiti huo walikadiria kwamba saa 17,000 za kazi ziliokolewa. Hizo ni saa za watu wale wale walioifundisha.

Gharama hii ndiyo iliyowarudisha watafiti kwenye njia ya zamani. Mwaka 2017 Deepak Pathak na wenzake waliuachia mtandao wa neva utazame video, wakatumia vinavyosogea pamoja kama mwalimu. Mtandao uliofunzwa hivyo uliweza baadaye kubashiri, hata katika picha tuli, ni kipi kingesogea. Wenyewe walisema wamefuata namna binadamu anavyoona. Wertheimer angetabasamu.

Mwaka 2020 Francesco Locatello na wenzake walibuni njia ambayo msingi wake ni ushindani. Kompyuta hupewa nafasi chache tupu, tuseme saba, na kila nafasi hugombea nukta za picha. Mwishoni ni lazima picha nzima ijengwe upya kutokana na kilichomo katika nafasi hizo. Njia ya nafuu ya kuijenga ni kila nafasi kushika kitu kimoja. Jicho la pili likaingia mwaka huohuo. Li Nanbo, Cian Eastwood na Robert Fisher wa Edinburgh waliipa mashine picha za mahali pamoja kutoka pembe mbalimbali, na kuitaka ibashiri pembe ambayo haijaonyeshwa. Mpira uliofichwa na sanduku ukitazamwa kutoka mbele huonekana kutoka pembeni, na mashine inapaswa kukubali kwamba ni mpira uleule. Mwaka 2021 kundi la Fisher likaongeza ugumu, vitu na kamera zote zikisogea kwa pamoja, na mashine ikitakiwa kubaini mwendo huu ni wa nani.

Kwa maoni yangu hapo ndipo lile swali la 1966 lilipopata jibu linaloelezeka. Kitu ni kile kinachobaki kilekile ukibadilisha wakati na mahali pa kukitazamia. Papert hakuwa na kamera za kutosha wala kompyuta ya kutosha kulisema hivyo, na vijana wake walikuwa na kiangazi kimoja.

Ushindi haujakamilika. Kazi nyingi kati ya hizi zilifaulu kwanza kwenye picha za kutengenezwa, maumbo yenye rangi safi juu ya sakafu tupu, jamaa wa karibu wa maumbo ya Roberts. Mfumo wa SAVi wa kina Thomas Kipf ulisaidika sana ukidokezewa vitu vilipo katika picha ya kwanza ya video. Mrithi wake wa mwaka 2022, SAVi++, ulipopelekwa barabara halisi ulihitaji vipimo vya umbali vilivyochukuliwa kwa leza.

Barabara hizo halisi zilitoka katika data zilizotolewa na Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha: vipande 1,150, kila kimoja cha sekunde 20, vilivyonaswa na kamera 5 zilizofungwa kwenye gari. Ili kujua kama mashine imegundua vitu kwa usahihi, watafiti hulinganisha ilichokiona na visanduku vilivyochorwa na binadamu. Kwa picha za kamera peke yake, data hizo zina visanduku vipatavyo milioni 12. Hata mashine iliyojifunza bila mwalimu, mtihani wake bado unasahihishwa kwa mkono wa mtu.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji aliyewahi kukaa katika ofisi za Nairobi, Gulu au kwingineko akichora mipaka hiyo. Andika ulichofanya: mwaka gani, picha za wapi, ngapi kwa siku, kwa malipo gani, na ni picha ipi iliyokusumbua usijue kitu kinaishia wapi. Weka karatasi hiyo mahali salama, na nakala uipeleke maktaba iliyo karibu nawe. Majina ya walioandika hesabu tunayo. Ya waliochora visanduku bado hatunayo.